Gari Lililonyamaza Likipata Moto

Mimi Basil sina subira na gari linaloficha ugonjwa. Na hakuna lililojua kuficha kama pikapu ya Mzee Adriano wa Pito, mtumba wa Japani kama ile mitumba iliyojaa nchini tangu milango ya biashara ifunguliwe. Baridi yetu ya Ufipa huua betri, basi watu hulaza magari kwenye mteremko, na asubuhi huyaachia yaserereke hadi yawake. Mzee alifanya hivyo kila siku. Mpaka afike gereji kwangu Sumbawanga mjini, injini ilishapata moto na kutulia.

Safari hii alitaka nimkazie breki tu. Mdogo wake, Yohanes, alikuwa mahututi huko Mtowisa, chini kwenye bonde la Rukwa. Walikuwa hawajasemezana tangu wagombanie shamba la baba yao, na sasa mgonjwa alikuwa ametuma neno kwamba anataka kumwona kaka yake kabla hajakata roho. Malori yalikuwa hayashuki bondeni kwa ajili ya mvua. Katika mazungumzo mzee akagusia kwamba asubuhi injini hulia kidogo, kisha hupona yenyewe.

"Haiponi, mzee," nikamwambia. "Iache ilale hapa, niisikie ikiwa baridi."

Alikubali shingo upande. Kulipokucha alikuja na koti lake la kanisani, tayari kwa safari. Niliiwasha kwa ufunguo, pale tambarare. Ikalia kwa mbele kama kokoto ndani ya debe. Nikagusisha bisibisi kwenye kifuniko cha mbele na sikio langu kwenye mpini. Oili ilipopanda, kelele ikakatika. Oili yenyewe ilikuwa ya kutosha. Nikafungua kifuniko. Kifaa kinachokaza cheni ya injini kwa msukumo wa oili kilikuwa kimelika hadi chuma, na cheni iliyolegea ilishaanza kukwangua kifuniko kwa ndani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Cheni ile ikiruka kwenye miteremko ya kushukia bondeni, injini inazima na breki zinakuwa nzito mguuni.

Akaniomba niifunge tu, imfikishe safari hiyo moja. Mzee yule hakuwa mtu wa kuomba, na iliniuma sana. Nilikataa, nikatia ufunguo mfukoni, nikaagiza kifaa Mbeya kwa kondakta wa basi.

Kifaa kilifika. Nilikuwa nakaza bolti za mwisho, mzee ameketi juu ya tairi, mkewe Cornelia alipoingia akitokea parokiani. Habari ilikuwa imekuja kwa redio ya upepo, ile ambayo mapadre huzungumzia na wenzao wa bondeni. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akamshika mikono.

Nilikuwa nimekiweka kando kile kifaa kilicholika ili nimwonyeshe mzee kwamba sikukosea. Niliona aibu hata kukigusa. Akakiokota mwenyewe, akapitisha kidole gumba kwenye chuma.

"Ulisema kweli, mwanangu," akasema. "Sasa niwashie. Nikamzike."

Nikazungusha ufunguo. Injini iliwaka bila kulia.