Roboti wa Haisi Yuko Mtoni

Mwanvita hakuwa mtu wa kuficha vitu vyake, na hilo ndilo lililomuudhi mjomba wake Mikidadi kuliko yote. Angekuwa na haya kidogo, wallahi, mambo yangeisha kimya kimya. Lakini wapi! Mwanamke wa miaka hamsini na moja, fundi wa viti vya magari hapo Mwembesongo, ana roboti thelathini na nne za mpira, hakuna hata moja inayozidi kidole gumba, na kazipanga kwenye rafu juu ya cherehani ambako kila mteja anaziona. Ukimuuliza za nani, anakujibu bila kupepesa jicho: "Zangu."

Zilimjia kwa njia ya kazi. Gari la mtumba kutoka Japani haliji tupu. Ukifumua kiti chake ukang'oa sponji, unakuta sarafu yenye tundu katikati, risiti iliyofifia, kibanio cha nywele, na mara moja moja, labda mara mbili kwa mwaka, unakuta roboti kadogo ka mpira, rangi moja mwili mzima, kamekaa gizani miaka yote hiyo. Wa kwanza alimtoa kwenye kiti cha nyuma cha Haisi, mwaka ule mumewe alipomwacha kwa sababu hazai. Alikuwa mwekundu, mkono mmoja umekatika, na ule uliobaki kakunja ngumi. Mwanvita alimtazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu apewe talaka. "We nawe! Umekatwa mkono na bado unataka ugomvi?" Akamwita Haisi, akamweka rafuni. Waliofuata nao akawaita kwa magari yao: Kresta, Korola, Maki Tuu, Prado.

Miaka ikapita bila yeye kujua ni vitu gani hasa. Aliyemwambia ni Collins, mhadhiri wa chuo kikuu, aliyeleta gari lake kushonwa viti. Alizipiga picha, akapekua kwenye simu, akaruka kwa furaha kama kapata mtoto. Kumbe huko Japani kuna mashine zimewekwa nje ya maduka. Mtoto anatumbukiza sarafu, anazungusha kitasa, na kinadondoka kiyai cha plastiki chenye roboti ndani. Hachagui, anapokea alichojaliwa. Hizi zilikuwa za miaka ya themanini, seti nzima ni sitini, na kila moja ina namba yake chini ya unyayo. "Mama, huko kwao watu wazima na mvi zao wanazitafuta hizi," Collins alisema. Mwanvita alifurahi mno kusikia hayuko peke yake duniani. Collins alipotaka kuzinunua, aliambiwa amalize chai yake aende zake.

Mama yake Mwanvita, Bi Chausiku wa Kinole kule mlimani, hakuwahi kuzicheka. Akishuka mjini na mdalasini wake wa kuuza, kabla hata hajaketi, alikuwa akizipangusa vumbi moja moja kwa upindo wa khanga. "Watoto wako wanachafuka hawa," alikuwa akisema. Basi. Hana neno jingine.

Bi Chausiku akafariki, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Sasa, sisi Waluguru ukoo wetu ni wa mama, na jina la mtu halizikwi naye. Siku ya arobaini linarithiwa, tena likirithiwa si jina tupu. Mrithi anakaa mkekani, anafunikwa khanga ya marehemu, anaitwa kwa jina lile, na akiitikia, keshakuwa yeye. Wajukuu wa marehemu ni wajukuu zake. Waliomwamkia marehemu wanamwamkia yeye. Bi Chausiku alikuwa na binti mmoja tu, Mwanvita, kwa hiyo hakukuwa na la kujadili. Ila mwenye kauli ya mwisho ni mjomba, na mjomba mwenyewe ndiye Mikidadi, kitinda mimba ambaye Bi Chausiku alimbeba mgongoni mpaka akaota meno. Kanzu yake ina mkunjo wa pasi hata shambani. Mtu wa kujisikia, kwa ufupi.

Siku ya saba, baada ya hitima huko Kinole, Mwanvita alikuwa akiwamiminia wazee kahawa. Msiba ulikuwa umemkata maini, na kwa kujifariji alikuwa amemfunga Haisi kwenye pindo la khanga. Fundo likalegea. Haisi akadondoka mkekani, katikati ya vikombe, ngumi juu.

Mjomba Mikidadi akamwokota kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkiani.

"Kumbe ni kweli," akasema, na akahakikisha hata walioko jikoni wanasikia. "Wenzio wana wajukuu, wewe una midoli. Nani atamweka dada yangu kwenye kichwa cha mwanamke anayecheza na midoli? Hii ni aibu ya ukoo."

Akainuka, akaenda ukingoni mwa ua, pale panapoteremka kwenye kijito, akamtupa Haisi kule chini kwenye maji. Kisha akageuka. "Hayo madude mengine utayaleta siku ya arobaini, uyatupe mwenyewe, macho yangu yakiona. La sivyo jina anapewa Asia."

Asia ni binti wa mama mdogo, mwalimu huko Kihonda. Alikuwa pale pale na sinia la tende mkononi, na hakuna aliyemuuliza kama analitaka hilo jina.

Mwanvita aliweka birika chini. "Mjomba, huyo uliyemtupa utamrudisha kwa mkono wako mwenyewe."

Watu wakacheka. Nani asingecheka?

Usidhani hakulia. Alilia njia nzima kurudi mjini, na kesho yake alilia juu ya kiti cha Noah mpaka mwenye gari akaingiwa na huruma akamwambia asiharakishe. Jina la mama yake alilitaka kwa moyo wote. Mwanamke asiye na mtoto, akifa bila kushika jina la mtu, ni nani atakayemkumbuka? Na roboti nazo alizitaka. Alizipata kwa mikono yake, hakuomba mtu, hakuiba, hakumdhuru nzi. Shoga zake wakamshauri: zitupe, dada, vitu vya mpira tu hivyo, usishindane na mjomba. Kila aliposhauriwa hasira zikampanda zaidi. "Jina ni la mama yangu. Roboti ni zangu. Nani kasema nichague?"

Siku ya arobaini akazitia zote thelathini na tatu kwenye kopo la biskuti, akapanda pikipiki, akalipakata kopo mpaka Kinole.

Ua ulikuwa umejaa. Shehe amefika, pilau limeiva, na watani wako kazini. Msiba bila watani si msiba kwetu. Ni watu wa ukoo mwingine waliopewa tangu mababu ruhusa ya kutusumbua: wanakuja kutukana, kuiga, kuteka vitu, na ole wako ukikasirika. Mkubwa wao siku hiyo alikuwa Abdulmajid, mtu mrefu mwembamba, kavaa gauni la Bi Chausiku na miwani yake, kakaa juu ya mfuniko wa sufuria la pilau na mwiko mkononi.

"Hamli!" alikuwa akifoka kwa sauti ya marehemu. "Mlinipa uji wa chumvi nilipoumwa, leo mnataka kunilia pilau?"

Mwanvita akapita katikati ya vicheko, akamwamkia mjomba wake. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja nazo?"

"Nimekuja nazo."

"Mto ule pale."

Akaelekea kule kule kwenye kijito, kopo mikononi, na watu wakageuka kumwangalia. Njia inapita jikoni. Alipofika kwenye sufuria akasimama.

"Mtani!" akapaza sauti. "Marehemu kaacha mali yote hii, na wewe umekalia wali tu? Mtani gani wewe?"

Akamtupia kopo mapajani.

Abdulmajid akafungua. Miwani ikamteremka puani. "Loo! Loo! Chausiku, umeacha jeshi!" Akalikumbatia kopo kwa mikono miwili. "Limetekwa! Mali ya watani hii!"

Mjomba Mikidadi akaja mbio, na nadhani alikuwa hajaelewa bado. "Lete hapa. Hivyo ni vya kutupwa."

"Ebo! Unamnyang'anya mtani?"

Hapo wazee wakaanza kutazamana. Kitu kilichotekwa na mtani msibani hakinyang'anywi wala hakitupwi. Kinakombolewa tu, kwa bei anayotaka mtani, na mkombozi ni mkuu wa ukoo. Kisipokombolewa, arobaini haifungwi: hakuna kula, hakuna dua, hakuna kurithi jina. Mikidadi aliyajua hayo kuliko wote, maana ndiye anayewafundisha vijana kila mwaka kwamba mila zisivunjwe.

Akatoa noti ya elfu kumi. Abdulmajid akaipokea, akaishindilia kwenye gauni. "Hii ya soda. Bei bado."

"Bei gani?"

"Nataka kuwajua wafiwa hawa wa koponi. Uwashike mmoja mmoja, uwatambulishe mbele ya watu. Useme, huyu fulani, ni wa ukoo wetu. Kwa sauti. Nina uziwi kidogo, si unajua mimi ni marehemu."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mjomba akakataa. Akasema heri arobaini isifungwe. Abdulmajid akasema sawa, akajinyoosha kwenye kiti chake cha pilau, akaanza kukoroma. Adhuhuri ikapita. Watoto wakaanza kulia njaa. Shehe akatazama saa, akatazama sufuria, akakohoa. Mkubwa ni jaa, wanasema, na siku hiyo jaa lilikuwa limefurika.

Hatimaye mjomba akachuchumaa mbele ya kopo. Akatoa roboti ya kwanza, ya kijani.

"Huyu nani?" akamuuliza Mwanvita bila kumtazama.

"Kresta, Mjomba."

"Huyu Kresta... ni wa ukoo wetu."

"Sisikii!" kutoka kwenye sufuria.

"NI WA UKOO WETU!"

Akaenda hivyo. Korola ni wa ukoo wetu. Prado ni wa ukoo wetu. Alipofika wa kumi, akina mama wakaanza kuitikia kwa vigelegele. Wa ishirini, jasho lilikuwa limelainisha ule mkunjo wa kanzu. Katikati hapo akageuza wawili watatu, akaona namba kwenye nyayo, akasahau kuona aibu. "Namba hizi mbona zinaruka?"

"Ni sitini kwa jumla. Ishirini na sita sijazipata," Mwanvita akajibu. "Ishirini na saba, ukihesabu aliye mtoni."

Mjomba akaendelea mpaka wa thelathini na tatu.

Abdulmajid akainuka kwenye mfuniko, akamkabidhi Mwanvita kopo kwa heshima zote. Mjomba akajipangusa uso, akasema haraka haraka, "Haya, Asia, kaa mkekani."

"Mimi?" Asia akasema. "Jina la mama mkubwa silitaki, mtoto wake yuko hai na amesimama pale. Halafu, Mjomba, sharti lilikuwa watupwe kwa kuwa ni aibu ya ukoo. Umesema mwenyewe mara thelathini na tatu kwamba ni wa ukoo, tumekusikia mpaka tumechoka. Sasa unatupa watu wa ukoo mtoni?"

Shehe akasema, kwa upole lakini kwa njaa, kwamba binti amesema kweli.

Basi Mwanvita akaketi mkekani, kopo mapajani. Wakamfunika khanga ya mama yake, ile ile ya kupangusia vumbi, na alipoinusa harufu ya mdalasini machozi yakamtoka bila ruhusa. Mama mdogo akaita mara tatu: "Chausiku! Chausiku! Chausiku!"

"Abee," akaitika.

Vigelegele vikapasua mlima. Wakaanza kuja kumwamkia, mmoja baada ya mwingine, wapwa, wakwe, majirani. Mjomba Mikidadi alikuwa nyuma kabisa, anajifanya anatengeneza kofia.

"Mikidadi!" Abdulmajid akaita. "Dada yako anakungoja."

Mzee akasogea, miaka sitini na minane, akainama mbele ya mpwa wake aliyekuwa si mpwa tena.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Wengine hapo wangesema yaishe. Wangekula pilau, wakapatana, wakasahau. Mwanvita si wengine. Alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Kuna mtoto wangu mtoni," akasema. "Mwekundu. Mkono mmoja. Nenda ukaniletee."

Mjomba akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. "Dada," akasema taratibu, "ni siku thelathini na tatu. Maji yameshamchukua."

"Basi yafuate."

Mikidadi akaitazama ile khanga. Kisha akakaa kwenye jiwe, akavua viatu, akakunja kanzu mpaka magotini. Abdulmajid akamshikia kofia.