Kibano cha Chumba cha Tatu

Ukanda wa mpira ulikataa kubanduka shingoni mwa gitaa. Muhidini aliukwangua kwa ukucha, akaupaka mafuta ya karanga, akangoja, akauvuta tena taratibu. Ulipoachia ulitoka na ganda la vanishi, mbao ikabaki nyeupe kama goti lililochubuka. Akaligeuza gitaa kwenye mwanga wa mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la uji mkononi, na uji wenyewe ulikwisha poa.

Miaka miwili nilimngoja mtu yule arudi kutoka machimbo ya Geita. Siku ya tatu tu tangu arudi, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulikuwa tukikaa Shinyanga, nyuma ya stesheni, chumba kimoja na uani. Mtoto hatukujaaliwa. Muhidini alikuwa seremala, na gitaa alilipata kwa karani mmoja Mgoa wa reli aliyehamishwa, akampa badala ya ujira wa kabati. Tabu ilikuwa moja: tukiimba, sauti yake nzito, yangu nyembamba. Akipiga kwa kiwango chake mimi nazama, sisikiki. Basi akachonga kibano. Kipande cha mpingo, urefu wa kidole, chini kimebandikwa ngozi ya mbuzi, kikafungwa shingoni mwa gitaa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kikizikandamiza nyuzi zote kwa pamoja, gitaa zima linapanda juu. Zile nafasi kati ya vijiti vya shaba vya shingoni yeye aliziita vyumba, na sauti yangu ilikaa chumba cha tatu.

“Twende kwako,” alikuwa akiniambia, akakipandisha kibano huku anacheka.

Na masharti! Mganga hana masharti yale. Kibano kikae karibu na kijiti, kisikikalie juu. Kisikazwe kupita kiasi. Ukimaliza kukitumia, kitoe; na ukikitoa, kiinue, usikiburute juu ya nyuzi. Kifute jasho, kitie kwenye kifuko cha kaniki, kikae mbali na jua kwa sababu mpira ukipata joto unayeyuka.

“Mbao inachoka,” aliniambia. “Ukiibana kutwa kucha, mwisho inakubali. Ikishakubali, basi tena.”

Mwaka wa thelathini na tatu habari za dhahabu zilikuwa zimezagaa, na kule machimboni walitaka mafundi wa kuweka nguzo za kuzuia mashimo yasiporomoke. Akaamua kwenda. Asubuhi ya safari alinipigia wimbo mmoja, chumba cha tatu, na kabla haujaisha Mabula akabisha hodi. Mabula alikuwa mkata magogo wa Kharumwa, ndiye aliyeijua njia, na wenzao walikwisha tangulia. Muhidini akalitundika gitaa ukutani haraka haraka, kibano kingali shingoni. Alipofika uani akageuka.

“Chausiku, nitolee kibano. Usikisahau.”

“Nenda, nitakitoa.”

Sikukitoa. Wala sikukisahau, msije mkanitetea.

Kwetu sisi, msafiri akiondoka, siku ile hufagii. Ukifagia umemfutia nyayo, atarudije? Marehemu mama alikuwa mkali kwa hilo, hata kikombe alichonywea mgeni hakikuoshwa upesi. Lakini nyumba haikai bila kufagiwa miaka. Siku ya pili nilifagia. Kikombe nikakiosha. Mto wake niliuanika mwenyewe, mpumbavu mimi, na harufu yake ikaenda na jua. Nikatazama nyumba nzima, kitu kilichobaki pale mkono wake ulipokiweka kilikuwa kimoja tu. Nikasema, hiki sikigusi mpaka arudi akitoe mwenyewe.

Upweke ule nisiwafiche. Nilikuwa nikipika ugali wa watu wawili, nusu nawapa kuku. Treni ya Tabora ikipiga honi, najikuta nimekwisha jitanda khanga niende stesheni, na mume wangu aliondoka kwa miguu! Narudi kutoka mlangoni, nakaa kitandani, nalitazama gitaa. Salamu zake zilifika mara mbili tu kwa midomo ya wapita njia, kwamba ni mzima, basi. Kuna siku nilipitisha kutwa nzima bila kusema neno hata moja, na magharibi nilipotaka kumfukuza mbuzi wa watu, sauti ikatoka ya kukwaruza nikashtuka mwenyewe.

Aliyekuwa akiingia kwangu ni Mageni, Msukuma wa ng’ambo ya mto, muuza maziwa. Nilikuwa nimemweleza yote, domo langu hili.

“Mwangaluka, mayu,” alikuwa akinisalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama, macho ukutani. “Gitaa lako bado linakabwa?”

“Liache likabwe. Lina mwenyewe.”

“Mwenyewe si alisema ukitoe? Mtu harudishwi na kamba ya mpira, mayu. Harudi kwa hiyo.”

Nilimwambia amimine maziwa aende zake.

Mwaka wa pili, mvua zimekolea, mtu mmoja aliyeleta pamba alisema sokoni kwamba Geita kuna shimo limeporomoka na watu wamefukiwa. Majina hakuyajua. Nilirudi nyumbani sijui kwa njia gani. Nikafunga mlango, nikalishusha gitaa, nikauvuta ule mpira nikauzungusha mzingo mwingine. Vidole havikutosha, nikaukaza kwa meno. Nikalirudisha ukutani.

Alirudi mwezi wa sita, mchana wa jua kali. Shimo lililoporomoka lilikuwa la jirani yake. Yeye alikuwa kati ya wafukuaji. Alirudi mzima, kama huo ndio uzima. Vumbi la mawe lilikuwa limemla kifua. Alishika randa asubuhi ya siku ya tatu, akasukuma mara kumi, akakaa chini kukohoa. Akajaribu tena, akakaa tena. Ndipo akasema, “Nipe gitaa. Hilo angalau halitaki pumzi.”

Ndiyo hiyo siku ya uji.

Shingo ilikuwa imepinda. Nyuzi zilikuwa zimekula mbao na shaba ya chumba cha tatu, na ngozi ya kibano imeganda kwa kutu.

“Nani alikuwa analipiga?” akauliza.

“Hakuna.”

“Nilikuomba kitu kimoja, Chausiku.”

Nikaweka bakuli chini, nikamwambia yote. Kwamba mkono wake ndio uliokiweka. Kwamba niliogopa nikikitoa asirudi. Nikamwambia na ya siku ya shimo.

“Kwa meno?” akasema.

“Kwa meno.”

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja hadi nikamshika mabega. Alipopata pumzi akanitia kibano kiganjani. “Basi kuanzia leo hii ni kazi yako. Utajifunza kukitoa.”

Majuma mawili shingo ile ilifungwa kwenye ubao ulionyooka, mawe juu yake. Akaikwangua, akaisugua kwa msasa, akaipaka vanishi. Ilirudi, lakini chumba cha tatu hakikupona. Ukibana pale, nyuzi zinakoroma. Tukahamia cha pili. Sauti yangu ikabidi ishuke, na haikusumbua kushuka. Ile miaka ya kunyamaza ilikwisha ishusha.

Kila alasiri nilikifunga mimi, yeye anatazama. “Karibu na kijiti. Legeza kidogo. Hapo, inatosha.” Wimbo ukiisha, nakitoa. Na kila nilipokiinua moyo ulinipiga, miaka yote ile, kama vile namwondolea mtu ngazi. Alijua. Hakunicheka. Alikuwa akisema neno moja tu, taratibu, wakati kibano kinaachana na nyuzi:

“Nipo.”

Tuliishi hivyo miaka minne. Siku ya mwisho nilikuwa kisimani, akakifunga mwenyewe. Niliporudi nilimkuta ameegemea ukuta, gitaa mapajani, na mkono wake ulikuwa bado una joto.

Walimzika kesho yake. Mtu fulani alilitundika gitaa ukutani, kibano kingali shingoni, chumba cha pili. Matanga yalipoanuliwa watu wakaenda zao, akabaki Mageni. Aliniona nikilisogelea gitaa, akanishika mkono. Mageni yule yule.

“Kiache, mayu,” alisema, analia. “Kakiweka mwenyewe.”

Nikamwambia anisubiri nje.

Nikalishusha gitaa. Nikaulegeza mpira, nikakiinua kibano juu bila kukiburuta. Nikaifuta ngozi, nikakitia kwenye kifuko cha kaniki, nikakifunga. Nikangoja kidogo lile neno lake, kwa mazoea. Halafu nikachukua ufagio.