Kihisi cha Nguzo ya Tatu

Tangu asubuhi mhandisi hakutulia. Akae, ainuke, achungulie daraja dirishani, arudi kwenye kompyuta. Maneno ya programu yake yalikuwa yaleyale: kihisi cha nguzo ya tatu, kibovu. Vipimo vimetupwa.

Programu hiyo aliifundisha mwenyewe kutenganisha vipimo vya kweli na vya uongo kutoka kwenye vihisi vinavyopima kama nguzo zinainama, na ofisi nzima ikampigia makofi. Kihisi kikiharibika, kikaanza tu kusogeza vipimo polepole, imekikamata. Lakini hiki, jamani, kilifungwa wiki iliyopita baada ya kingine kuitwa kibovu palepale. Kipya kabisa! Kinaharibikaje?

"Unajitafutia presha bure," bosi akamwambia. "Si programu yako? Au huiamini?"

"Niliifundisha kwa daraja lisilo na shida. Haijawahi kuona nguzo inayoinama. Chochote kikisogea, yenyewe inajua ni kihisi tu."

Alipojisikia akisema hayo, moyo ukampiga paa. Kaka yake ni dereva wa basi la shule, na kila mchana hupita pale na watoto wa watu.

Akambeba fundi wa vihisi kwenye gari, mbio mpaka chini ya daraja. Walikuwa na njia yao ya zamani: unahamishia kihisi cha nguzo ya tatu kwenye ya nne, na cha nne kwenye ya tatu, kisha unangoja. Ubovu ukihama, kihisi ndicho kibovu. Usipohama, basi ni nguzo yenyewe, Mungu wangu!

"Hama," alinong'ona, akizunguka na simu mkononi. "Hama basi, nakuomba."

"Dada, tulia, unanitia kiwewe," fundi akasema.

Vipimo vikaja. Nguzo ya nne, kimya. Nguzo ya tatu, vinasogea vilevile, na programu imeshasema: kibovu.

Hakumngoja bosi. Walipanda juu wakaliweka gari lao katikati ya barabara, mwanzo wa daraja, taa zikiwaka. Haikuchukua muda, basi la njano likafika likipiga honi.

"Ee, mdogo wangu!" kaka akacheka dirishani. "Siku hizi umekuwa trafiki?"

"Geuza, kaka. Nguzo inainama."

"Tangu leo?"

Alitamani kudanganya, ulimi ukakataa. "Tangu kabla ya kihisi kipya. Tulikuwa tunavitupa vipimo."

Kicheko kikakatika. Kaka akageuka, akawatazama watoto waliokuwa wakiimba kule nyuma.

"Nami nimepita hapa wiki nzima," akasema.

Mhandisi alisogea pembeni kumpisha. Kaka aliingiza gia ya nyuma.