Msiba wa Sanduku la Pili

Kuruthumu alikuwa na mdomo, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Mtaa mzima wa Narung'ombe ulijua kwamba ukimuudhi asubuhi, jioni utajikuta unasimuliwa bombani na kila mwenye ndoo. Lakini vidole vyake, mashallah! Katika shirika lile la umma jirani na Mnazi Mmoja, hakukuwa na msichana wa kutoboa kadi za kompyuta akamfikia. Matundu ndiyo maneno ya mashine, na kadi aliyoitoboa Kuruthumu hairudishwi kwa kosa.

Mwaka huo wa sabini na sita kompyuta haikuwa kitu cha mchezo. Serikali ilishapiga marufuku kuziingiza nchini, kwa hiyo uliyonayo ndiyo hiyo hiyo, uilee kama mgonjwa. Na ya kwao ilikuwa imelala siku ya kumi. Tepu yenye programu mama, ile inayoamka kwanza na kuziamrisha programu nyingine zote, ilikuwa imeharibika, ikabidi programu hiyo ijengwe upya kutoka kwenye tepu ya akiba. Jumamosi ingekuja tume kutoka wizarani. Ikiikuta mashine imekufa, basi inang'olewa, chumba kinageuzwa stoo, na Kuruthumu anarudishwa masjala kupanga mafaili. Alishakaa huko miaka miwili akila vumbi, akaapa kwa Mola wake kwamba harudi tena.

"Imekataa," alisema Zahoro Alhamisi hiyo asubuhi. Huyu ndiye aliyekuwa mtaalamu wao wa programu, kijana msomi, mpole, na mwoga kama kunguru.

"Mara ya nne?"

"Ya nne."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla mashine haijaanza kuijenga programu mama, unailisha kadi tisa za masharti: kumbukumbu ina ukubwa gani, kazi ngapi ziende pamoja, programu ijengwe iwe ya mbio au iwe ndogo. Mashine haina macho. Inaamini kile ulichoitobolea. Kuruthumu akazichukua zile kadi, akazipitisha moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akayasoma matundu yake kama wengine wasomavyo gazeti. Kwenye ya tano akasimama.

"Zahoro, hapa kumbukumbu ni elfu thelathini na mbili."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Sanduku la pili la kumbukumbu si liliungua kwa joto mwezi wa tatu? Tumebaki na la kwanza. Ni kumi na sita!"

Zahoro akatupia jicho mlangoni. "Mzee aliandika wizarani kwamba lilitengenezwa. Na fomu ya masharti anaisaini yeye. Nani atampelekea kumi na sita asaini? Si ni kumwambia mkubwa kwamba ni mwongo?"

"Kwa hiyo mnaituma mashine ikalale chumba ambacho paa lilishaanguka, halafu mnashangaa haiamki! Yarabi, wasomi nyie!"

"Basi nenda kamwambie wewe."

Zahoro alisema hivyo kwa kukata tamaa tu, lakini Kuruthumu akaiokota ile fomu ya masharti mezani, akaifutika kwenye kanga. Mzee mwenyewe, Ndugu Pantaleo, mkuu wa kitengo, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Kuruthumu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wa misafara ya pwani, na utani si mzaha wa kuokota njiani. Kila asubuhi Kuruthumu alimuuliza yule mzee, "Mpagazi, mzigo wa bwana wako umeutua wapi leo?" Naye hujibu, "Kwani ngoma imeisha? Nilidhani Mzaramo haji kazini mpaka ngoma iishe." Neno ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa barua ya kufukuzwa, kwa mtani ni kicheko. Na msibani ndiko mtani ana enzi yake hasa: huweza kuingia kaburini akalala, akakataa katakata maiti asizikwe mpaka wafiwa wamridhishe, na hakuna wa kumgusa.

Saa nne Ndugu Pantaleo alipofungua mlango wa chumba cha mashine, alimkuta Kuruthumu amekaa chini mbele ya sanduku la pili, kanga kichwani, miguu kainyoosha, analia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Mama wee! Sanduku wee! Umetutoka tangu mwezi wa tatu, hata tanga hatukukulalia! Mnyamwezi katuficha maiti!"

Wasichana wote wakajaa mlangoni. Zahoro akajibanza nyuma ya kabati la tepu.

"We mwanamke, umepandwa na shetani?"

"Nimefiwa! Mimi ndiye mtani, na maiti huyu hazikwi mpaka nipewe haki yangu." Akainua ile fomu. "Haki yangu hii hapa. Andika kumi na sita. Usipoandika, hapiti mtu humu, hata hao wapagazi wenzako wa wizarani."

Hakuna aliyecheka. Uso wa mzee ulikauka. Utani nao una mpaka wake, na Kuruthumu, pale chini, alijiona ameshauruka. Alimpenda yule mzee, hilo ni kweli. Ndiye aliyemtoa masjala akamkalisha kwenye mashine ya kutobolea wakati wengine wakisema mdomo wake utaharibu kazi.

Ndugu Pantaleo akavuta kiti, akakaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Wazaramo mna laana," alisema. Akachukua kalamu, akaikata ile thelathini na mbili, akaandika kumi na sita, akasaini.

Kuruthumu hakungoja kuambiwa mara mbili. Akatoboa kadi mpya: kumbukumbu kumi na sita, kazi moja kwa wakati mmoja, programu ijengwe iwe ndogo, mbio tutaziona mbele ya safari. Saa nane mchana taipureta ya mashine ikaanza kugonga yenyewe. Imeamka! Kuruthumu akapiga kigelegele, na Zahoro akasahau usomi wake akacheza.

Kuruthumu akaenda mbio ofisini kwa mzee kumpa habari na, Mungu amsamehe, kumwongezea chumvi kwenye kidonda. Alimkuta anaandika ripoti mpya ya wizara.

"Imeamka, mpagazi! Sasa niambie, mtu mzima na mvi zako, ulidanganya nini? Uliliogopa sanduku?"

Mzee hakuinua kichwa. "Siku lilipoungua, unaikumbuka?"

"Siikumbuki. Nilikuwa na homa, mlinirudisha nyumbani, nikalala wiki nzima."

"Kabla hujaondoka ulikuwa unatetemeka. Ukainuka, ukazima kiyoyozi. Nilikuona. Nikasema acha mtoto apate joto kidogo, nitakiwasha mwenyewe. Nikasahau mpaka jioni." Akaweka kalamu chini. "Ningeandika limeungua, wangeuliza kwa nini. Wakishauliza kwa nini, wangeuliza nani alizima."

Kuruthumu akaivua ile kanga kichwani. Miezi yote hiyo mzee alikuwa akimficha yeye. Na leo amemlilia maiti mbele ya watu, akamwita mwongo.

Akaisogelea meza. Kwenye ripoti, penye sababu ya hasara, mzee alikuwa ameandika: uzembe wa mkuu wa kitengo. Basi. Kuruthumu akaiokota kalamu, na kabla hajazuiwa akaongeza pembeni: pamoja na mtoboa kadi Kuruthumu binti Fikirini, aliyezima kiyoyozi.

"Lete hapa!" Mzee alisimama. "Mimi nastaafu Desemba, watanifanya nini? Wewe ndiyo kwanza una maisha mbele yako!"

"Sileti. Maiti mmoja nimeshamlilia leo, sina machozi ya wa pili."

Mzee akalitazama lile jina. Akatafuta tusi la kumrudishia mtani wake, akalikosa, macho yakamjaa machozi. Kuruthumu akaikunja ile ripoti kabla mzee hajapata nguvu ya kuichana, akaipeleka wizarani kwa miguu yake mwenyewe, akilia njia nzima, na safari hii alikuwa analia kweli.