Likizo Kivulini mwa Nyumba

Siku ya tatu ya likizo yao jangwani, saa tatu asubuhi, Mama alisogeza mkeka hatua mbili kwa sababu sebule ilikuwa imesogea. Bibi naye akavuta godoro lake. Watoto wawili waliachwa walale chumbani kwao mpaka jua lilipowafikia miguuni, kisha nao wakajiburuta kuifuata nyumba.

Hema lilikuwa bado limefungwa. Bibi alilifanya mto.

Nyumba yenyewe ilibomolewa mwaka uliopita, huko mjini, kwa asubuhi moja tu, ili kupisha barabara ambayo mpaka leo haijaonekana hata kokoto yake. Kivuli chake, kwa kukosa ukuta wa kuegemea, kikahamia jangwani. Dereva wa lori ndiye aliyewaletea habari: amekiona, kizima, madirisha yote manne. Basi wakafunga mizigo. Baba, ambaye ni fundi seremala, alikuja na msumeno kwa mazoea tu, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akalala usingizi wa mchana.

Raha ilikuwa tele. Adhuhuri nyumba ilipungua ikawabana wote barazani, magoti kwa magoti, wakitaniana ni nani aliyenenepa. Jioni ilirefuka hadi Bibi akalalamika kwamba kwenda jikoni sasa kunataka nauli.

Ila Mama hakuja kupumzika tu. Ofisi ya ardhi ilimwandikia kwamba pale mjini hapakuwahi kuwa na nyumba, hivyo hapana fidia. Miaka kumi na mmoja alideki sakafu ile kwa mikono yake. Fidia alikwisha kuisamehe. Alichotaka ni mtu mmoja wa ofisi ile akiri kwamba nyumba ilikuwepo. Akakata rufaa, akakitaja kivuli, na ofisi ikamtuma mpima ardhi huko jangwani.

Alifika siku hiyo saa tisa alasiri, jasho likimchuruzika, futi mkononi. Akasimama juani, mbele ya kivuli.

"Hodi," alisema.

Mama alijiweka sawa mkekani, kwani hodi haipigwi pasipo nyumba.

"Karibu, kaka. Pita ndani."

Mpima ardhi akavua viatu, akaingia kwa kupitia mlangoni, ingawa angeweza kupita popote. Akanywa maji vikombe vitatu, akausifu ubaridi wa sebule.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bibi alinong'ona, akificha kicheko kwenye hema.

Mgeni akapima, akaandika, kisha akasoma kwa upole: "Nimefika mahali husika. Hakuna nyumba."

"Sasa hapo umekaa wapi, kaka yangu?"

"Kivulini, mama. Fomu haina sehemu ya vivuli."

Akagonga muhuri, akamkabidhi nakala. Baba alitaka kuinuka, Mama akamshika bega. Mgeni alishukuru kwa maji, akavaa viatu, akatoka.

"Kaka!" Mama alimwita. "Hukufunga mlango. Mchanga unaingia."

"Aa, samahani, mama."

Akarudi, akauvuta. Haukushika. Akauvuta tena kwa nguvu, na mstatili wa jua uliokuwa mlangoni ukatoweka.

Bibi alipiga kigelegele, watoto wakarukaruka. Mama alikunja ile nakala ya "hakuna nyumba", akaisukumiza chini ya birika lisiyumbe, akawamiminia wote chai.

"Mmemwona wenyewe," alisema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Kaufunga kwa mkono wake."