Giza Kwenye Picha za Katonga

Asnath alihamishiwa Kigoma kutoka Mbeya kutafiti mwanga wa mijini. Alikuwa akipokea picha za usiku zilizopigwa na setilaiti, akipima mji unavyozidi kung'aa. Chumba alipanga Ujiji, nyumbani kwa Mzee Chande, mvuvi wa dagaa, na mkewe Bi Mwanne.

Mwaka huo taa za njano kwenye mwalo wa Katonga, wanakoshushia samaki, ziling'olewa, zikafungwa nyeupe, kali. Wachuuzi walizifurahia. Lakini dagaa waliacha kuzifuata taa za wavuvi.

"Shikamoo, Mzee. Vipi leo?"

"Marahaba, mwanangu. Patupu." Mzee Chande aliketi barazani bila hata kunawa. "Dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi, na siku hizi kwetu mbalamwezi haizami. Wewe una picha za huko juu. Tusemee. Taa wasizime, wazifunike tu upande wa ziwani."

"Nitakwenda nazo mwenyewe kwenye kikao cha halmashauri."

Alirudi chumbani akazifungua picha. Katonga ilikuwa imefifia. Sababu aliijua: setilaiti ile haioni vizuri mwanga wa bluu, na taa mpya zimejaa bluu. Palipong'aa kama mchana, yenyewe iliona giza. Aliomba kifaa cha kupimia mwanga hapo hapo ufukweni. Wakubwa zake wakajibu hakipo. Akaenda kikaoni hivyo hivyo, kwa kuwa alikwishaahidi.

Mwenyekiti, Bwana Gaudensi, aliitazama picha kwa makini.

"Kumbe mwanga umepungua."

"Picha inaonyesha hivyo, lakini si kweli. Setilaiti haiuoni mwanga wa taa hizi wote."

"Sasa dada, picha umeleta wewe, na wewe ndiye unayeikana." Hakuwa akimkejeli. "Una kipimo kingine?"

"Sina."

"Twendeni mkaone kwa macho!" Mzee Chande alisema kutoka nyuma.

"Macho yako siwezi kuyaambatisha kwenye taarifa, Mzee wangu."

Kilichoambatishwa ni picha ya Asnath. Taarifa ilisema taa nyeupe zimepunguza mwanga, hivyo zipelekwe Ujiji pia. Aliandika kupinga, akaandika tena. Akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa.

Mzee Chande hakumlaumu, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Alipakia nyavu akahamia Kagunga, ambako ufukwe bado una giza. Bi Mwanne alibaki kuangalia nyumba.

"Lakini si uliwaeleza?" Bi Mwanne alimuuliza Asnath walipokuwa wawili.

"Niliwaeleza, mama."

"Basi." Akaendelea kupepeta mchele.

Wiki iliyofuata mafundi walikuja kuchimba mashimo ya nguzo za taa mpya mbele ya baraza. Jua lilikuwa kali. Mmoja wao akabisha hodi, akaomba maji ya kunywa, na Asnath akamletea.