Maji Iko

Joram Wachira alikuwa ameahidi watu watatu kwamba siku hiyo mikono yake itakaa mfukoni: mke wake Caro, binti yake Nduta, na Mwalimu Jentrix. Wote watatu hawakumwamini.

Na walikuwa na sababu. Joram ni fundi wa stima pale Noonkopir, Kitengela, na tangu Nduta aanze shule hakuna projekti iliyowahi kuingia kwa hiyo nyumba ikatoka bila kupitia mikononi mwake. Gredi ya nne, mtoto aliambiwa atengeneze sanamu ya kufukuza ndege shambani. Joram akaweka mota ya feni kwa shingo, sanamu ikawa inageuza kichwa. Ndege waliogopa, ni kweli. Lakini pia mtu wa kuleta maziwa aliogopa, akaacha mtungi kwa geti na hakurudi wiki mbili. Gredi ya sita ikawa ni nyumba ya kadibodi. Joram akaiwekea taa kila chumba na kengele ya mlango. Kitabu kiliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Kazi nzuri sana, Baba Nduta. Sasa tunangoja ya Nduta."

Caro alicheka mpaka akakaa chini. Nduta hakucheka.

Halafu gredi ya nane akaja Mwalimu Jentrix, mama mfupi kutoka Bungoma mwenye sauti ya kutosha watu wanne. Kwa mkutano wa wazazi hakuzunguka.

"Wazazi wangu, projekti ya hii term itafanyiwa hapa shule, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sitaki manila ya mama, sitaki gundi ya baba. Mtoto akikosea, mwache akosee, hiyo makosa ni yake. Baba Nduta, mbona unaangalia dirisha? Nakuongelesha wewe."

Wazazi wakaangua kicheko. Joram naye akacheka, lakini ya upande mmoja.

Huyo mwalimu alifungua ile kabati ya tableti ambayo ilikuwa imefungwa na kufuli tangu watoto wakiwa wadogo, akagawa, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu alitegemea. Hakuwapa watoto cha kutengeneza. Aliwaambia watembee hapo shuleni wiki nzima wamletee shida moja. Shida tu. Mwenye ataleta suluhisho kwanza, ataosha ubao mpaka Ijumaa.

Nduta alikuwa kundi moja na Sheryl na Lennox. Wakaleta shida ya Mama Cindy.

Mama Cindy ndiye mpishi wa shule. Tenki ya maji iko juu ya mnara nyuma ya jiko, lakini swichi ya pampu ya kisima iko kwa ofisi, mbali, upande ule wa geti. Kwa hivyo maji ikiisha, Mama Cindy anapanda ngazi, anachungulia, halafu anapiga nduru: "Imeishaaa!" Kule ofisini mtu anawasha. Ikijaa anapanda tena: "Ikooo!" Mtu anazima. Kama huyo mtu amesikia. Kama hajasikia, tenki inafurika mpaka uwanja unakuwa matope. Na kila akipiga nduru, darasa zote zinasimama, hesabu inapotea.

Watu wazima wote waliosikia hiyo shida walikuwa na jibu moja: Mama Cindy aache kupiga kelele. Wale watoto watatu wakafikiria vingine. Sheryl ndiye alisema: huyu mama tayari anasema kila kitu pampu inahitaji kujua, kilichobaki ni pampu imsikie. Basi wakachukua tableti moja, wakaifundisha maneno mawili. Walimrekodi Mama Cindy akiwa kwa ngazi, akiwa kwa moshi, akiwa na mafua, akiwa amekasirika. Rekodi mia moja na arobaini. Ikisikia "imeisha", tableti inaambia kiswichi, na kiswichi kinawasha pampu. Ikisikia "iko", inazima. Mwalimu wa Kiswahili alipita akawaambia ni "yapo", maji ni yapo. Lennox akamjibu kwa heshima kwamba pampu haifanyi mtihani, inamsikiliza Mama Cindy, na Mama Cindy husema iko.

Haya yote Joram aliyapata kwa vipande, wakati wa chakula.

"Na hiyo kiswichi mmefunga na waya ya aina gani?"

"Baba."

"Nauliza tu."

"Baba, kula."

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, siku ya mashindano ya projekti za shule, Kajiado, ndani ya hema kubwa kwa uwanja wa shule moja, upepo ukipiga turubai na vumbi ikiingia kila mahali. Meza kama thelathini. Jaji mkuu alikuwa anaitwa Mbuvi, mwalimu mstaafu mrefu mwenye kipaza sauti na asiye na mchezo.

"Kila kundi litaonyesha kazi yake. Ikikataa, mnapewa dakika kumi na tano. Ikikataa tena, mnafunga virago. Na wazazi, nisikilizeni: mzazi akigusa meza, projekti inatoka. Mzazi akinong'onea mtoto, inatoka."

Watu walidhani ni mkwara. Kabla ya saa nne, baba mmoja kutoka Tuala alikohoa mara mbili huku akionyesha waya ya buluu na kidevu. Mbuvi akamwona. Meza ikaondolewa, mtoto analia, baba anaapa ni vumbi. Joram alipoona hivyo akasukuma mikono mfukoni mpaka kwa viwiko.

Zamu ya kina Nduta ikafika. Kwa meza walikuwa na ndoo mbili, moja juu na moja chini, pampu ndogo ya kuoshea kioo cha gari, tableti, na kiswichi ndani ya kopo la majani chai. Meza ya jirani ilikuwa ya watoto wa upande wa Namanga na mizinga ya nyuki. Nyanya ya mmoja wao alikuwa amekuja kumwona mjukuu, koko mzima wa Kimaasai, shuka nyekundu na shanga hadi mabegani, amekaa kwa kiti cha plastiki. Na vile heshima ilivyo, hakuna mtu mzima alipita hapo bila kumsalimia. "Takwenya, koko!" Naye anaitikia kwa furaha, anavuta neno kama akina mama wa Kimaasai wanavyoitikia, kisha anaendelea kutazama nyuki.

Nduta akaeleza kazi yao. Halafu Sheryl akaita, "Imeisha!"

Pampu ikanguruma. Maji ikapanda kwa bomba. Watu wakasema aaah. Joram akahisi kifua kimejaa.

Maji haikufika robo ya ndoo. Pampu ikazima.

"Imeisha!" Sheryl akarudia. Ikawaka. Ikahesabu kama sekunde kumi, ikazima tena.

"Dakika kumi na tano," Mbuvi akasema, akabonyeza saa yake, lakini hakuenda mbali.

Ni waya. Joram alijua ni waya. Miaka kumi na nane amefanya hii kazi. Kitu kikiwaka kikizima, kikiwaka kikizima, ni waya haijakaza. Tena aliiona kabisa, ile nyekundu, pale inapoingia kwa kopo, imekaa kilegevu. Bisibisi ilikuwa kwa mfuko wa koti, anaigusa na kidole. Robo ya mzunguko tu. Caro akamshika mkono juu ya koti.

"Joram."

"Ni waya, Caro. Naiona."

"Nyamaza."

"Watoto watafukuzwa kwa sababu ya waya!"

"Na ukifungua mdomo watafukuzwa kwa sababu yako. Chagua."

Akaiachia bisibisi. Lennox alikuwa anabadilisha betri. Akakaza zile waya moja moja, na ile nyekundu pia. Joram akashusha pumzi, sasa itakubali. Sheryl akaita. Pampu ikawaka, ikazima.

"Kumi zimebaki," Mbuvi akasema.

Nduta hakuwa anagusa kitu. Hilo ndilo lilimuumiza babake zaidi, kumwona mtoto wake amesimama tu, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri adhabu. Fanya kitu, mama, alisema moyoni. Shika kitu.

Lakini Nduta alikuwa anasikiliza. Sheryl akaita tena, pampu ikawaka. Mama mmoja wa kuuza shanga akapita na mzigo wake. "Takwenya, koko!"

"Ikooo!"

Pampu ikazima.

Kichwa cha Nduta kikainuka. Akamshika Sheryl, akamnong'oneza, akamwambia Lennox aache betri. Halafu akamwendea Mbuvi, yeye mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na minne na jaji mkuu.

"Sir, naomba utusaidie na jaribio moja."

"Mimi? Sisaidii kundi lolote."

"Si kusaidia. Tafadhali umsalimie tu huyo koko. Sisi ni watoto, tukienda atatusalimia kwa kutushika kichwa tu, hatatoa lile neno. Tunataka mtu mzima."

Mbuvi akamtazama. Akatazama saa. Akatazama koko. Sheryl akaita "Imeisha!" na pampu ikaanza kunguruma.

"Takwenya, koko," Mbuvi akasema, na kipaza sauti bado iko mkononi.

"Ikooo!"

Pampu imezima.

Hema lote likapasuka. Watu walicheka, wengine wakapiga meza, na koko aliyekuwa hajaelewa akauliza mjukuu wake kuna nini. Mjukuu akamweleza kwa Kimaa kwamba ile "iko" yake ya kuitikia salamu ndiyo inazima pampu. Koko akacheka kuliko wote, akajifuta macho na shuka.

"Kumbe ni mimi nazima maji ya watu?"

"Ni wewe, koko," Nduta akasema. "Lakini makosa ni yetu. Tuliifundisha kwa jikoni peke yake, na pale hakuna mtu anamsalimia Mama Cindy hivyo."

"Basi nitanyamaza."

"Watu wakusalimie unyamaze?" Nduta akatikisa kichwa. "Hapana, koko. Hiyo haiwezekani. Pampu ndio itabadilika."

"Sita," Mbuvi akasema, lakini sauti ilikuwa imelegea.

Sasa ndipo Joram aliona kitu ambacho hakuwa ameona kwa miaka yote ya kadibodi na gundi. Hawakugombana. Lennox alifuta neno "iko" kwa tableti, rekodi zote, kazi ya wiki tatu, bila kulia. Sheryl akasema neno jipya liwe "imejaa", kwa sababu hilo hakuna mtu anajibu nalo salamu, Kimaa wala Kiluhya. Nduta akachukua tableti akazunguka nayo.

"Sema imejaa. Asante. Wewe? Sema kwa nguvu. Kama uko juu ya ngazi. Asante."

Akamrekodi mama wa shanga. Akarekodi watoto wa nyuki. Akamrekodi koko mara sita, kwa maana koko alikuwa amenogewa na hakutaka kuachia. Mbele ya wazazi wake akasimama, akamgeukia jaji.

"Sir, sauti ya mzazi inaruhusiwa?"

Mbuvi akafikiria. "Sauti si mkono. Neno moja tu."

"Imejaa," Joram akasema. Ilitoka nyembamba, ya kuibia.

"Tena, Baba. Hiyo haisikiki."

"Imejaa!"

Dakika moja ilikuwa imebaki walipoweka tableti chini. Sheryl akaita. Maji ikapanda, robo, nusu. Mbuvi, bila kuombwa, akageuka: "Takwenya, koko!" Koko akaitikia kwa nguvu zake zote, kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Pampu ikaendelea tu. Ndoo ilipofika mdomo, Lennox akasema, "Imejaa." Ikazima, hata tone halikumwagika.

Makofi yalipotulia, Mbuvi hakuandika alama. Alikuja kwa Joram.

"Wewe ni baba ya huyu msichana."

"Ndio."

"Nimeambiwa wewe ni fundi wa stima, na mzuri. Niambie ukweli mbele ya watu. Hii kazi mkono wako uko ndani?"

Nduta aligeuka. Caro akakaza kushika koti. Kila mtu kutoka Kitengela alikuwa anaangalia, na wengi wao walijua historia.

"Hauko," Joram akasema. "Nilitaka uwe. Nilikuwa na bisibisi hapa. Nilikuwa na uhakika ni waya."

"Na ilikuwa waya?"

Hakuna mteja Noonkopir amewahi kusikia Joram akisema maneno yaliyofuata.

"Haikuwa waya. Ningefungua hilo kopo lote, nifunge upya, na bado ingezima. Ningemaliza dakika zao zote nikitafuta mahali hakuna shida. Mimi singefikiria koko hata kesho."

Mbuvi akamtazama kidogo, akatoa kalamu, akaandika. Karatasi aliibandika kwa meza ya kina Nduta, na watu wakasukumana kuisoma: wamepita, wanaenda mbele. Mwalimu Jentrix akapiga nduru ambayo ingewasha pampu tano.

Baadaye watu walipopungua, Joram alisogea kwenye meza. Aliangalia ile waya nyekundu, ambayo Lennox alikuwa ameikaza, imekaa sawa kabisa. Halafu akaangalia tableti.

"Nduta. Hii kitu inajuaje ni neno lile lile? Sauti ya koko na ya Mama Cindy hazifanani hata kidogo."

Nduta alimchunguza uso. Baba yake alikuwa na tabia ya kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo, ili akusahihishe. Akangoja tabasamu. Halikuja.

"Kwa kweli hujui?"

"Sijui hata pa kuanzia."

Akavuta kiti cha plastiki, akampangusia vumbi. "Kaa basi. Lakini usikimbie mbele yangu."

Joram akakaa.